Pembe ya Mabaka

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja tu: kisiki. Sayi alimfundisha mkewe neno hilo akiwa bado amelala kwenye tope la shamba la mpunga, mkono wa kulia umebana ubavu wa kushoto, damu ikipenya katikati ya vidole.

"Sema nimeangukia kisiki," alimwambia. "Umesikia, Nyamizi? Kisiki. Siku utakayosema vingine, mimi na wewe basi."

Nyamizi alikuwa bado ameshika mpini wa plau. Aliyaona yote. Sayi alikuwa akimfunga nira Mabaka, maksai wa mbele, nyigu akamuuma ng'ombe sikioni. Mabaka akarusha kichwa pembeni kwa nguvu zote, na Sayi alikuwa pale pale kichwa kilipokwenda. Pembe ikazama kwenye mbavu za chini, ikatoka. Ng'ombe hakuwa na nia mbaya. Baada ya hapo alisimama anacheua, kana kwamba si yeye.

Nyumbani kwa mzee Bujiku, babake Sayi, kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Ng'ombe aliyemwaga damu ya mtu wa nyumba hiyo halimi tena. Anachinjwa, nyama wanagawiwa majirani, na wenye nyumba hawaonji hata mchuzi. Mzee alihama na sheria hiyo kutoka Usukumani, akashuka nayo Ubaruku pamoja na mifugo yake, na katika miaka yote ya kulima mpunga hakuipunguza hata chembe.

Na Mabaka, kwa Sayi, hakuwa ng'ombe wa kuchinjwa. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, Sayi akamlea kwa maziwa ya chupa ya soda, akamfunika na koti lake mwenyewe kwenye baridi ya Juni, mpaka akawa maksai ambaye ukimwita jina anakuja. Kusema kweli, kuna siku Nyamizi alimwonea wivu. Mumewe alikuwa na maneno matamu, ila mengi aliyamalizia zizini.

Basi ikawa kisiki. Mganga wa zahanati aliambiwa kisiki, akaona kidonda kidogo tu, akakisafisha, akakishona, akatoa vidonge. Angejuaje? Kidonda kikafunga vizuri. Kwa nje.

Ndani mambo yalikuwa mengine. Wiki zilivyokwenda, Sayi alianza kuacha ugali nusu, yeye ambaye zamani alikuwa anafuta sahani kwa tonge la mwisho. Akila kidogo, pumzi zinambana. Akitembea hadi zizini anasimama njiani anajifanya anaangalia mpunga wa jirani. Kisha akaanza kutapika. Asubuhi moja Nyamizi alikuwa akimkanda mgongo, akaweka sikio kwenye ubavu ule wa kovu, akasikia kunguruma. Kilikuwa kifua, lakini kilinguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa.

"Kesho tunakwenda Iringa," alisema.

"Sina ugonjwa."

"Nimeshafunga nguo. Kama huna ugonjwa utanisindikiza mimi."

Walichagua Iringa kwa sababu Yunisi, dada yake Sayi, aliuza mchele pale sokoni na alikuwa na chumba cha kuwalaza. Mzee Bujiku akasema naye anakwenda. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Njia nzima alikaa na fimbo yake katikati ya magoti. Walipofika Nyololo ukungu ulikuwa umefunika barabara, Sayi akatapika dirishani mpaka akaishiwa nguvu, na mzee ndiye aliyemshika kichwa.

Wodini daktari wa zamu alikuwa kijana wa Kinyakyusa aitwaye Lusekelo, mwepesi wa kutabasamu na mwepesi wa kufanya kazi. Aliinua picha ya eksirei dirishani. Upande wa kushoto, chini, palikuwa na weupe, na juu yake weusi.

"Huu weupe ni damu iliyobaki tangu alipoangukia kisiki," alimweleza Nyamizi. "Weusi ni hewa. Pafu limebanwa halina nafasi. Tutaweka mpira hapa ubavuni, uchafu utoke, atapumua."

Maelezo yaliingia akilini. Nesi akaleta sinia la vyombo, Sayi akalazwa ubavu, mkono juu ya kichwa, na daktari akachora alama ya kalamu katikati ya mbavu mbili. Nyamizi alisimama miguuni mwa kitanda akiitazama ile alama. Hakujua lolote la udaktari. Ila alijua kwamba kila mtu mle ndani anafanya kazi juu ya neno lake, na neno lenyewe ni la uongo.

Hapo ndipo alipopita Dokta Severina Kalinga, daktari wa upasuaji, mwanamke wa Kihehe, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili kuisikia. Aliitazama picha. Akainama akalitazama kovu, akaligusa kwa kidole, akarudi kwenye picha.

"Subiri kidogo, Lusekelo," alisema. Akamgeukia Nyamizi. "Mama, ulikuwepo alipoumia?"

"Nilikuwepo."

"Hicho kisiki kiliingia kimeelekea wapi? Juu, chini?"

Nyamizi alimtupia jicho mumewe.

"Sikuulizi kwa ubaya," daktari alisema. "Hii picha inaweza kuwa mambo mawili. Nikijua kilichoingia na kilikoelekea, najua mahali ambapo sitakiwi kutia kisu. Nisipojua, nabahatisha. Na huyu ni mume wako."

Sayi aligeuza shingo akamkazia mkewe macho. Macho yale hayakuhitaji mkalimani. Pembeni, kwenye benchi, mzee Bujiku alikuwa ameinamia fimbo yake. Kwao mkwe hasimami mbele ya baba mkwe akazungumza habari za ng'ombe wake, tena habari mbaya, tena mbele ya watu. Nyamizi alizijua adabu hizo tangu utotoni, na hajawahi kuzivunja.

Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya wodi, kama afanyavyo nyumbani anapotaka kusema na mkwewe.

"Baba, unisamehe," alisema. Kisha akainua uso kwa daktari. "Hakuna kisiki. Ni pembe ya ng'ombe. Alirusha kichwa kutoka chini kwenda juu, ikaingia hivi." Akajionyesha kwenye mbavu zake mwenyewe, kidole kikielekea juu na ndani. "Ilizama sana, daktari. Ilipotoka ilikuwa na damu hadi hapa." Akashika mkono wake juu kidogo ya kifundo.

"Mwongo huyo!" Sayi alisema. Alitaka kuendelea, pumzi zikamwishia.

Nesi alibaki ameshika chupa ya dawa hewani. Halafu mzee Bujiku akakohoa.

"Si mwongo," alisema. "Kale kashamba nilikang'oa visiki mwenyewe, mimi na marehemu mama yake, huyu hajazaliwa bado. Nilichimba mpaka mizizi. Kisiki hakuna pale, hata kamoja. Mimi nilijua tangu siku ile ile."

Sayi alimtazama babake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Sasa mbona hukusema, baba?"

"Ningesema, ningechinja." Mzee alipitisha kiganja usoni. "Na mimi ile ng'ombe naipenda, Sayi. Unafikiri ni ya kwako peke yako?"

Dokta Severina hakuwapa nafasi ya kuendelea. "Weka kisu chini, Lusekelo," alisema. "Mpitishie mpira mwembamba puani mpaka kwenye mfuko wa chakula, halafu mpige picha nyingine. Sasa hivi."

Picha ya pili ilipokuja, hata Nyamizi aliiona. Mpira ulishuka kooni vizuri, ukafika chini, kisha badala ya kutulia tumboni ukakunja na kupanda ubavuni, ukajiviringisha juu kifuani, palepale Lusekelo alipochora alama yake.

"Kati ya kifua na tumbo kuna ukuta wa nyama," Dokta Severina aliwaeleza. "Sisi tunauita kiwambo. Pembe iliutoboa. Tundu lilikuwa dogo, lakini kila akipumua lilivuta, mpaka mfuko wa chakula ukapanda juu. Ule weupe si damu. Ni chakula chake. Ndiyo maana kifua chake kinanguruma."

Lusekelo aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. "Ningeutoboa huo mfuko," alisema taratibu. "Angenifia mikononi."

"Kwa hadithi tuliyopewa, ni mpira ndio ungewekwa. Ungeweza kuwa mkono wangu." Dokta Severina alikuwa anamtuliza, lakini Nyamizi alihisi uso wake umewaka.

Likaja sasa suala la kupasua. Mzee Bujiku aliinua fimbo. Alimjua mtu kijijini kwao aliyepasuliwa kifua kutoka mbele hadi mgongoni, mbavu zikapanuliwa kwa chuma, na toka siku hiyo hajashika jembe. Mwanawe hapasuliwi hivyo. Afadhali arudi nyumbani.

Daktari akakunja mkono wa koti lake, akaonyesha ubavuni mwake mwenyewe, hapa, hapa na hapa. "Mzee, sitaki kupanua mbavu. Nitatoboa matundu madogo matatu, kila moja lenye upana wa kidole. Moja linaingiza kamera nyembamba yenye taa. Mengine yanaingiza vyombo virefu. Mimi sitazami ubavu, natazama kwenye televisheni. Kwanza nione kilichoharibika, kila kitu, maana picha hizi za eksirei zinaficha. Halafu nishushe mfuko wa chakula, nishone ukuta, nisafishe. Nikikuta umeshikana sana na pafu, au umeoza, nitalazimika kupanua. Hilo siwezi kukuficha."

"Na usipofanya?"

"Siku moja ule mfuko utajisokota. Hapo hatutakuwa na muda hata wa kubishana."

Mzee alimgeukia Nyamizi. Ilikuwa ajabu, maana mambo makubwa ya nyumba yake hakuwahi kumuuliza mwanamke, labda marehemu mkewe peke yake. "Wewe unasemaje, mayu?"

Neno hilo la heshima, mama, hakuwahi kumwita. Nyamizi alikuwa bado sakafuni. "Afanye, baba," alisema. "Huyu daktari anauliza kabla ya kukata. Nimemwamini."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasimama, akavaa kofia yake. "Mimi natangulia nyumbani," alisema. Hakueleza anakwenda kufanya nini. Nyamizi alijua, na Sayi alijua. Jambo lilikuwa limeshatamkwa mbele ya watu, na mzee hakuwa mtu wa kuikimbia sheria yake iliyomkuta hadharani.

Asubuhi ya upasuaji Sayi alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, Nyamizi akitembea pembeni. Mlangoni Sayi akamsemesha kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nikirudi, usiwepo," alisema.

"Ukirudi utanikuta," Nyamizi alijibu.

Akakaa nje, kwenye benchi la saruji, Yunisi akiwa amemshika mkono. Wifi yake alitaka kupiga stori za sokoni ili kupitisha muda, lakini hazikushika. Nyamizi aliogopa. Aliogopa vibaya sana. Lakini hata katika woga huo hakujuta. Alijipima mara kadhaa kama anajuta, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi, akakuta hajuti. Kama ataachwa, aachwe na mume aliye hai na mzima.

Dokta Severina alitoka akiwa bado na kofia ya kijani. Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyetoka kulima.

"Hatukupanua," alisema kwanza, kwa kuwa alijua ndilo wanalosubiri.

Kisha akatoa simu akawaonyesha. Nyamizi alidhani atachukia kuona, lakini hakuweza kuondoa macho. Ndani ya mumewe kulikuwa na mwanga. Kulikuwa na ukuta mwekundu unaopanda na kushuka, na katikati yake tundu, halizidi mdomo wa chupa, na mfuko wa chakula umebanwa humo. Vyombo viwili vyembamba viliuvuta kidogo kidogo kwa subira, mpaka ukateleza chini ukapotea. Sindano ikapita, uzi ukakazwa, tundu likaziba. Mwishoni pafu, lililokuwa limekunjamana pembeni, likaanza kujaa. Lilijaa polepole, la rangi ya waridi.

"Hiyo ndiyo pumzi yake," daktari alisema.

Nyamizi alilia. Hakujali nani anaona.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Chini ya pafu palibaki sehemu iliyokataa kufunguka, na Sayi alitakiwa avute pumzi ndefu, akohoe, apulize. Nesi alimletea puto. Sayi alilitazama lile puto la njano, akalisukuma hadi ukingoni mwa kitanda.

"Mimi si mtoto."

"Usipopuliza, maji yatajaa pale chini, homa itakuja," Lusekelo alimwambia. "Tutarudi thieta kukupasua, na safari hiyo si kwa matundu."

Sayi akageukia ukutani. Alikula alichopewa na Yunisi. Uji wa Nyamizi hakuugusa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijua sasa habari yote, na mzee mmoja kutoka Mufindi alimwambia Nyamizi kwa huruma kwamba mume wake amenuna vibaya.

"Mwache anune," Nyamizi alisema kwa sauti ya kusikika. "Maiti hainuni."

Kila asubuhi aliketi upande wa ukutani, ili mumewe akigeuka amwone, akimwinulia mto chini ya ubavu na kuweka puto mbele ya midomo yake.

"Nichukie," alimwambia. "Nichukie mpaka uchoke. Lakini pumua."

Sayi alipuliza mara moja, kwa hasira, puto likajaa nusu likalegea. Siku iliyofuata hakupuliza kabisa. Jioni homa ikaanza kumgusa, Dokta Severina akasikiliza mgongo wake akakunja uso. "Tunampa hadi kesho," alimwambia Nyamizi mlangoni. "Kesho tu."

Kesho yake mzee Bujiku alirudi. Alikuja na mfuko wa salfeti mkononi, vumbi la Ubaruku bado kwenye viatu. Aliwasalimu watu wa wodi wote, mmoja mmoja, ndipo akakaa kitandani kwa mwanawe.

"Nimechinja," alisema. "Nyama wamekula majirani. Sisi hatujaonja." Akaiweka salfeti magotini. "Nilimshika kichwa mwenyewe. Hakupigana."

Sayi alifumba macho. Machozi yakatoka hivyo hivyo, yakashuka masikioni.

Mzee akaingiza mkono kwenye salfeti akatoa pembe. Ilikuwa imechemshwa, nyama ya ndani imetolewa, imesuguliwa mpaka inang'aa, nyeusi nchani na ya rangi ya maziwa shinani. Karibu na ncha alikuwa ametoboa tundu la kupulizia, kama zile pembe walizokuwa wakipiga wazee kuwaita vijana wakati wa kulima.

"Daktari wako aliuliza ilielekea wapi," alisema. "Tazama mwenyewe."

Sayi aliipokea. Aliigeuza. Akaiweka taratibu ubavuni mwake, ncha juu ya kovu, akapima kwa macho kuelekea juu, hadi pale mkewe alipoonyesha siku ile juu ya mkono wake. Alipomtazama Nyamizi, hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa peke yake.

"Iliingia yote hii?"

"Yote hiyo."

"Na ukaninyamazia wiki zote zile."

"Ulinikataza," Nyamizi alisema. "Hutanikataza tena."

Sayi akajikongoja akakaa, Nyamizi akamwekea mto ubavuni, naye hakuusukuma. Akaipeleka pembe mdomoni, akapuliza. Ikatoka hewa tupu na mate. Akakohoa, akajishika ubavu, uso ukamkunjamana kwa maumivu, na Lusekelo aliyekuwa anapita akasimama mlangoni.

"Vuta ndefu," Nyamizi alisema. "Mpaka chini."

Akavuta. Kifua kikapanda, upande wa kulia, na safari hii na wa kushoto pia, ukichelewa kidogo. Akapuliza. Pembe ikatoa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama ndama anayeita maziwa, ikajaa wodi nzima na kutoka hadi kwenye korido. Nesi alikuja mbio kukemea kelele. Lusekelo akamzuia kwa mkono.

Sayi aliishusha pembe, akihema. Akamtazama mkewe.

"Uji wako bado upo?" aliuliza.

"Umepoa."

"Lete hivyo hivyo." Akaiinua pembe tena. "Ngoja kwanza nimwite Mabaka mara moja nyingine."